Medali Haisafiri

Guildford, Sydney
Jumapili, 11 Februari 2024

Shangazi Gaudensia mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo, na uitikie hukohuko jikoni, maana najua barua zangu unazisomea karibu na moto. Huku tu wazima. Venant, mkwe wako, anakusalimu. Bado yuko kwenye lile ghala la matairi, shifti ya usiku. Yeye akiingia mimi natoka, tunasalimiana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Joto la mwezi huu halina adabu, na Penrith ninakofanyia kazi ndiko jiko lenyewe.

Ile nyumba ya wazee niliiacha. Sasa ejensi, ile ofisi inayotugawia kazi, inanituma kwa mzee mmoja tu, Mzee Lindner, Mjerumani aliyehamia huku akiwa kijana. Ana miaka tisini na moja. Miguu imekataa, mikono inatetemeka, ulimi ndio mzima. Namwogesha, nampikia, nampa dawa, kisha tunacheza na vitu vyake. Usicheke. Ni medali za vita, lakini si zile kubwa za kujaza kifua. Ni vimedali vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vinaning'inia kwenye mnyororo mwembamba. Anasema wanajeshi wa kwao waliostaafu, wakialikwa karamu, hawakuvaa zile kubwa kwenye koti la heshima. Walikwenda kwa sonara wakatengenezewa zilezile kwa udogo. Yeye amezikusanya miaka sitini, kwenye minada na kwa wajane wa Kijerumani wa vitongoji vya huku, hadi makabati yamejaa. Mimi ndiye mikono yake. Nafungua droo, natandika kitambaa, nainua kimoja kimoja kwa koleo ndogo. Kusugua ni mwiko. Siku ya kwanza nilisugua kimoja kwa nia njema, kama ninavyosugua sufuria, nikadhani mzee atakata roho mbele yangu.

Sasa la moyoni. Nina mimba, Shangazi, miezi mitatu. Huyu ni wa nne, na wale watatu unajua walipoishia. Naomba Medali ya Bibi Leokadia. Mama alinizaa nayo, Bibi, mke wa Babu Alto, alimzaa Baba nayo, wanawake wote wa nyumba yetu wamezaa na yule Mama Maria aliyechorwa juu yake. Mimi sijawahi hata kumwona nje ya kitambaa chake. Nitumie, nimvae shingoni siku yangu ikifika.

Mwanao,
Osmunda


Matimira, Songea
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mwanangu Osmunda,

Marahaba. Milele amina, nimeitikia na moshi machoni kama ulivyotaka. Tumetoka kanisani na matawi yetu, mvua imetunyeshea njia nzima, lakini mwaka huu hatuinung'unikii mvua, mahindi yamesimama vizuri. Mbolea ya ruzuku ilikuja wakati mahindi yameshachanua, kama kawaida ya wakubwa. Otilia, binti wa marehemu kaka yako Ditram, bado anakaa nami. Anajua kupika, ila ugali unaungua akiwa ameshika simu. Ndiyo maana mimi nakuandikia kwa karatasi. Simu ya Otilia ina masikio ya kijiji kizima. Nikiongea nawe asubuhi, jioni watu wananiuliza habari zako kisimani.

Mimba nimeisikia na nimepiga magoti. Sasa nisikilize mimi niliyefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini. Usimwinue huyo mzee peke yako. Mwambie mumeo akupikie. Mkongo gani asiyejua kutwanga sombe, kile kisamvu chao? Lala kwa ubavu wa kushoto. Usimhesabie mtu miezi yako.

Lakini Medali haisafiri. Haijawahi kutoka Songea tangu Bibi Leokadia alipoishika. Anayeitaka huifuata. Njoo uzalie huku, nyumba ipo, hospitali ya misheni ipo, na mimi nipo.

Na huyo mzee wako, usimsimulie mambo ya nyumbani. Anatoka Ujerumani ya wapi? Aliwahi kufika huku, au baba yake? Niambie tu, nataka kujua.

Shangazi yako,
Gaudensia


Guildford
Jumapili, 28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo tena. Baridi imeanza kunukia, Venant amekwishatoa jaketi lake la Bukavu ambalo nililitupa mara mbili likarudi lenyewe. Mtoto anacheza tumboni. Alianza wiki iliyopita nikiwa kwenye treni, nikasimama bila kujua kwa nini nimesimama.

Mzee Lindner hajafika Afrika, wala baba yake, nilimuuliza. Baba yake alipigana Urusi. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya wanajeshi wa hapa, mitaa yote imejaa wazee wenye medali, na yeye siku hiyo hufunga mapazia. Aliniomba nimvalishe mnyororo wa baba yake juu ya fulana ya kulalia, akala supu yake hivyo, kisha nikamvua nikaurudisha kwenye droo. Nilimhurumia. Sijui kama nilipaswa.

Kinachonishangaza ni wewe. Ungemwona mtu anacheza na vimedali ungecheka mpaka ushike ukuta, nakujua. Safari hii hukucheka hata mstari mmoja. Umeniuliza baba yake tu.

Kuhusu kuja huko: daktari amenikataza kupanda ndege. Wa tatu alinitoka kwenye jukwaa la stesheni ya Parramatta, watu wakinipita na kahawa zao mkononi, nikakaa kwenye benchi nikijifanya nasubiri treni. Naogopa, Shangazi. Sijawahi kukuandikia neno hilo, sasa nimeliandika. Mama angekuwa hai ningemwomba yeye. Umebaki wewe. Kama Medali ni ya wanawake wa nyumba hii, basi niambie mimi si wa nyumba hii, nijue.

Osmunda


Matimira
Jumapili ya Ekaristi, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumeanza kuvuna. Mgongo wangu unalia lakini ghala linajaa. Otilia naye ana mimba, na mwenye mimba hiyo bado anatafutwa. Kila nikimuuliza jina, anakumbuka kwamba kuni zimekwisha. Atajifungua Desemba.

Una kichwa kigumu kama babu yako Alto. Eti wewe si wa nyumba hii! Barua yako niliiweka chini ya Biblia wiki nzima nikitumaini itapoa, haikupoa. Padre Melchior wa kwetu anakuja Sydney mwezi huu kusoma. Nimempa Medali. Nimeishona mwenyewe ndani ya kitambaa cheusi pamoja na mizizi yake ya dawa, kama alivyoishona Bibi Leokadia. Usiufumue ule uzi. Usimwonyeshe mtu yeyote, na huyo mzee kabla ya wote.

Uchungu ukikushika, piga simu ya Otilia saa yoyote, mumeo akuwekee sikioni. Kuna neno ambalo mwanamke wa nyumba yetu huambiwa akiwa kwenye uchungu, si kabla yake. Kaka yangu, baba yako, alikufa bila kulijua, na hakuna mwanamume aliyewahi kulijua. Si neno la karatasi. Nipigie tu.

Ukishajifungua irudi upesi, Otilia anaisubiri.

Shangazi Gaudensia


Guildford
Jumapili, 7 Julai 2024

Shangazi Gaudensia,

Shikamoo. Tu wazima wa mwili. Mtoto anapiga mateke, mkunga anasema yuko vizuri. Hilo nimelitanguliza usije ukashtuka kwa yanayofuata.

Uzi sikuufumua mimi. Padre Melchior alipofika uwanja wa ndege, watu wa ukaguzi waliona mizizi. Nchi hii inaogopa mbegu na majani kuliko bunduki. Walikata kitambaa kwa mkasi, mizizi wakaitupa kwenye pipa lao, wakamrudishia chuma kitupu ndani ya mfuko wa plastiki. Padre alinikabidhi kwa aibu, akaniambia, "Mama Maria amefika, ila wamemvua nguo." Nikacheka. Kisha nikaitazama.

Upande mmoja una taji. Upande wa pili una uso uliolika mpaka umekuwa bapa, hauna macho wala pua. Kilichobaki ni umbo la kichwa kilichofunikwa, na ndege juu yake. Ndiyo hivyo, Mama na mtandio wake, na njiwa wa Roho Mtakatifu. Ningeamini hata mimi, kama kila Jumanne nisingeshika wenzake kwa koleo.

Niliipeleka Penrith. Najua ulinikataza. Niliilaza kwenye kitambaa karibu na ile ya droo ya tatu, zikalingana kama mapacha. Ile ya mzee uso wake ni mzima. Ni mfalme wa Wajerumani, Shangazi, na sharubu zake, amevaa kofia ya vita yenye ndege. Ni medali ya waliopigana kwenye makoloni. Kwenye utepe wa ile ya mzee kuna kipande cha chuma kama punje ya mchele, kimeandikwa Afrika Mashariki, 1905 mpaka 1907. Unadhani kuna mtoto wa Songea anahitaji kuelezwa miaka hiyo? Shule ilitupeleka kila Februari kwenye mnara, na Baba akaniwekea kidole juu ya jina la baba yake Bibi Leokadia, katika wale walionyongwa.

Mzee Lindner aliigeuza muda mrefu chini ya kioo chake. Aliniuliza, "Osi, hii imesuguliwa na nini? Kitambaa hakifanyi hivi. Hata mchanga haufanyi hivi." Ninajua tu kwamba tumepigia magoti chuma hicho, tumekichovya kwenye maji ya baraka, Mama yangu alikishika akinizaa mimi. Nikamwambia, "Chukua, ni ya kwenu." Alilia yule mzee. Ameiweka kwenye droo.

Venant aliponisikia alisema, "Ulifanya muzuri. Hiyo kitu haiko ya kuzalia mutoto." Basi sitaivaa. Na wewe ulijua, ndiyo maana hukucheka. Tuliipata wapi? Nani wa kwetu aliwatumikia watu wale? Na Babu Alto na ile rangi yake ya mhogo uliomenywa, ni kweli baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Kilwa? Nijibu. Usiponijibu, sitapiga simu hiyo siku.

Osmunda


Matimira
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mwanangu Osmunda,

Barua yako imefika Ijumaa. Salamu utazipata mwishoni, leo nina haraka, maana miezi yako imekaribia. Nilimwambia Otilia akupigie, simu yako haipokelewi. Mficha uchi hazai, basi naufunua kwa karatasi, Bibi anisamehe.

Bibi Leokadia alikuwa mtoto baba yake aliponyongwa. Alipokuwa msichana wa kuvunja ungo alichukuliwa bomani kufua nguo. Bwana mmoja wa pale akamhamishia chumbani kwake. Hakumwoa wala hakumuuliza. Alikuwa na koti jeusi la karamu, na kwenye koti mnyororo, na kwenye mnyororo vitu hivyo. Bibi alilifua koti lile. Alipojua ana mimba, alikichomoa kimoja akakishona kwenye pindo la nguo yake. Yule bwana alimpiga mtumishi mwingine kwa ajili ya kile kitu mpaka akalegea, na Bibi akanyamaza. Kisha vita vikaja, bwana akaondoka na jeshi lake, na babu yako Alto akazaliwa kwenye kibanda cha majivu nyuma ya boma.

Hapo ndipo lilipo neno. Medali haivaliwi shingoni, Osmunda. Nani alikwambia shingoni? Wanaume ndio wanaosema shingoni. Uchungu ukikolea huwekwa chini ya kisigino, na mama husukuma akiwa ameikanyaga. Bibi hakumjua mfalme, kwake uso ule ulikuwa wa yule bwana, na alimzaa Alto akiwa amesimama juu ya uso wa baba wa mtoto. Aliniambia hivyo mwenyewe, nikiwa msichana, akiwa amekwisha kuwa kipofu, na alinishika mguu akinionyesha ni sehemu gani ya kisigino. Mzee wako anauliza imesuguliwa na nini. Imesuguliwa na sisi.

Alipokwenda kubatizwa, padre wa Kijerumani aliiona akamuuliza ni nini. Akasema ni Mama Maria anayemkanyaga nyoka. Padre aliitazama, akamtazama mtoto mgongoni mwake, akainyunyizia maji ya baraka. Hakuuliza tena. Kwa hiyo usiseme tulidanganyika. Wanaume wetu walidanganyika, na wewe kwa kuwa hukuwepo.

Ichukue kwa huyo mzee leo hii. Ukishindwa, kanyaga chochote, lakini nipigie.

Hapa tu wazima. Otilia anatapika.

Shangazi yako


Guildford
Jumapili, 1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Venant aliwapigia, kwa hiyo mnajua. Naandika kwa sababu kwenye simu sauti haitoki.

Alikuwa wa kiume. Aliacha kucheza siku ya Jumamosi, Jumapili nikajiambia amelala, Jumatatu mashine ikatafuta moyo wake tumboni mwangu na mkunga akaenda kumwita mwenzake. Nilipewa dawa ya kuleta uchungu. Nilimsukuma nikiwa nimeinua miguu kwenye vyuma, miguu yote hewani. Sikulia. Rafiki yangu Nkatha, yule nesi wa Meru, alinishika mkono, akaniambia, "Lia tu, Osi," nikamwambia sina shida.

Walinipa nimshike. Ana masikio ya Baba. Tulimzika Rookwood, mvua ikinyesha, Padre Melchior alisema sala fupi.

Sikukupigia. Nilikuwa na hasira bado, na nilikuwa nimeapa. Barua yako ilifika Alhamisi, amekwisha kuzikwa. Nimeisoma nikaiweka. Sijui ulitaka nifanye nini nayo sasa. Kama ningeipata mapema, kama ningeikanyaga, angeishi? Nataka unijibu hilo tu, ndiyo au hapana.

Osmunda


Matimira
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mwanangu, mwanangu,

Pole. Pole sana. Tumelia hapa siku tatu, wanawake wamekuja kukaa nami kama vile nina maiti ndani. Venant mpe pole, mwambie naye ana ruhusa ya kulia.

Hapana. Asingeishi.

Najua kwa sababu mnaniita tasa. Mnaniita kwa upole, hamsemi mbele yangu, lakini baba yako, ambaye miaka hiyo alikuwa kazini mbali, alikufa akiamini sijawahi kushika mimba. Nilizaa mara mbili. Wa kwanza wa kike, wa pili sikuambiwa. Mara zote mbili Medali ilikuwa chini ya kisigino changu na mara zote mbili walitoka wamenyamaza. Walizikwa na wanawake nyuma ya nyumba, migombani, wanaume hawakuitwa. Mimi mkunga, niliyewapokea watoto wa tarafa nzima, nilirudi wodini wiki iliyofuata kuwapokea wa wenzangu.

Mara ya pili nilimtupia Bibi Leokadia ile Medali. Nikamwambia haina kazi, imeniulia wanangu. Aliipapasa sakafuni mpaka akaipata. Akasema haikuwekwa kumlinda mtoto, mtoto yuko mikononi mwa Mungu. Imewekwa ili mama awe na kitu cha kukanyaga. Nilimchukia kwa jibu hilo kwa muda mrefu. Sasa mimi ni mzee, na sijapata jibu lingine zuri zaidi ya hilo, kwa hiyo nakupa wewe kama lilivyo.

Otilia tumbo limekuwa kubwa. Anaogopa, kwa sababu amesikia habari zako, na jina la mwanamume amelitaja hatimaye. Ni mtu ambaye hakumuuliza. Sitaki kuandika zaidi. Medali kama inaweza kurudi, irudi. Kama haiwezi, basi, tutatafuta jiwe.

Gaudensia


Guildford
Jumapili, 3 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Venant mzima. Anapika kila siku, hata siku ambazo hakuna anayekula. Otilia mpe pole, mwambie shangazi yake anamfikiria kila asubuhi kabla hajafumbua macho.

Nilirudi kazini mwezi uliopita. Ejensi walinipa mapumziko, yakaisha, wakanirudisha palepale. Mzee Lindner alinipa pole vizuri, sina la kumlaumu. Kisha akataka kunionyesha kitu. Alikuwa amempata fundi. Medali yetu ilikuwa na utepe mpya, na kipande kile kidogo cha miaka, na imeunganishwa kwenye mnyororo pamoja na nyingine nne, kama vile ni za mtu mmoja na mtu huyo yuko njiani anakuja kuuvaa.

Nilimwambia naitaka. Akasema, kwa upole, "Lakini ulinipa, Osi." Nikamwambia ndiyo, nilikupa. Ni kweli, nilimpa. Nikamweleza basi imesuguliwa na nini. Nilimweleza yote, Shangazi: koti, kibanda, kisigino, wewe na wako wawili. Nilidhani mtu akisikia hivyo hafungui tena mdomo. Alisikiliza hadi mwisho, machozi yanamtoka. Halafu akaomba kalamu. Akasema niyarudie polepole ayaandike kwenye kadi ya droo, kwa sababu medali yenye habari kama hiyo haipo nyingine duniani, na wakusanyaji wenzake watamwonea wivu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na furaha kabisa.

Nilichukua koleo, nikaitoa kwenye mnyororo kama alivyonifundisha, nikakata utepe. Sebule yake ina zulia nene, nikaenda jikoni kwenye vigae. Nikavua kiatu na soksi. Nikaiweka chini, nikapanda juu yake kwa kisigino, nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, nikasukuma. Sikuwa na kitu cha kusukuma. Nilisukuma hivyohivyo. Sauti iliyonitoka ndiyo ile aliyoingoja Nkatha hospitali. Sikujua kama ninayo kubwa kiasi kile. Mzee alisogeza kiti chake hadi mlangoni, akanitazama, akabonyeza kile kitufe cha dharura kilichoko shingoni mwake.

Kazi imekwisha, bila shaka. Ejensi wameandika kwamba nimechukua mali ya mteja na kumtisha. Mzee mwenyewe hajaidai. Venant anasema nimtafute mwanasheria. Sitaki mwanasheria.

Padre Melchior anarudi likizo mwisho wa mwezi huu. Nimempa Medali mkononi, ndani ya kitambaa cheusi nilichoshona mwenyewe, bila mizizi. Atafika kabla ya siku ya Otilia. Nenda na Otilia chumbani, umwambie neno lote, wala usingoje uchungu. Mwambie chuma ni baridi mwanzoni. Akikanyaga kwa nguvu kinapata moto.

Mwanao,
Osmunda